Filimbi Tatu za Tohura

Benchi la Lokman, muuza chai wa mtaa wa Boyra, hapa mjini Khulna, limeegemea ukuta wa jengo la ghorofa, na madirisha ya majiko yote yanafunguka juu ya vichwa vyetu. Tunajua nani anakaanga samaki na nani ameunguza vitunguu. Rezaul tunamwita Mtandao. Ana tovuti ya kusifu vyombo vya jikoni. Mmarekani akisoma, akabonyeza, akanunua, duka linamkatia Mtandao kamisheni. Yeye haandiki hata mstari, anagawa kazi kwa watu wa mtaani. Ponkoj ni Mita, kwa sababu alisoma mita za umeme hadi akastaafu. Mimi wananiita Kamusi, kwa kuwa nasahihisha maneno ya kila mtu. Mke wangu, Tohura, alimwandikia Mtandao kurasa nyingi, zote kwa jina la Carol, bibi wa kubuni anayeishi kwenye theluji. Tohura alifariki kabla ya mvua kuanza. Jana, adhuhuri ikikaribia, Mtandao alikuja na habari kwamba kurasa za Carol zitaandikwa upya.

— Zote? nikauliza.

— Zote, kaka. Mtambo wa kutafutia kurasa umetushusha. Zamani tulikuwa juu kabisa, sasa mtu atutafute kwa tochi.

— Hata ule wa sufuria ya presha?

— Huo ndio wa kwanza. Una kosa, Kamusi. Si wewe ndiye bingwa wa makosa?

Kosa nililijua. Tohura aliandika, kwa sauti ya Carol: “Dengu nyekundu, filimbi tatu, kisha zima jiko.” Sufuria aliyokuwa akiisifu ni ya umeme. Haipigi filimbi kama zile za mekoni kwetu, ambazo mpishi huzihesabu ajue chakula kimeiva; inahesabu dakika yenyewe na kujizima. Mambo mengine yote ya Carol aliyatoa kwenye maelezo ya kiwandani. Mstari huo ulitoka jikoni kwetu.

— Naomba huo mmoja ubaki, nikasema.

Mtandao akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

— Kaka, Mmarekani ananunua sufuria, anangoja filimbi, hailii. Anairudisha dukani. Ikirudi, kamisheni nayo inarudi. Na mimi nina watu wanaonitegemea.

— Nani kakwambia hailii? Mita akadakia. Inalia. Ila kule serikali imeipunguza sauti.

— Serikali imepunguza sauti ya sufuria? Mtandao akauliza.

— Majirani wa kule wanashtakiana, weye! Jogoo akiwika, mahakamani. Sembuse sufuria? Filimbi yao ni nyembamba mno, wanaisikia mbwa tu. Ndiyo maana kila nyumba ina mbwa. Mbwa akiinuka mara tatu, dengu zimeiva, watu wanapakua.

Lokman alicheka hadi akamwaga maziwa.

— Mzee Mita, zile mita ulizisoma au ulizitafuna?

— Cheka tu. Na huo mtambo je, mnadhani umewashusha bure? Umewapeleleza huo. Umekaa, ukaona Carol kila mwaka anasimulia theluji, lakini hajawahi kuumwa mafua. Bibi gani huyo? Halafu tangu kabla ya mvua Carol kimya, hata salamu hamna. Mtambo ukajua kwamba Carol ame…

Lokman akaacha kuosha glasi.

— Malizia, nikamwambia.

— Nisamehe, Kamusi. Mdomo huu!

— Hukukosea. Carol naye alikufa siku moja na Tohura.

Mtandao alinisogezea sahani ya biskuti. Alisema taratibu.

— Shemeji nilimheshimu, Mungu ndiye shahidi. Lakini tovuti si kaburi, kaka.

— Sikuomba kaburi. Nimeomba sentensi moja.

Riksho ikasimama mbele yetu, akashuka msichana aliyekumbatia mkoba wa kompyuta.

— Asalaam alaykum, wajomba. Kaka Rezaul ni yupi hapa? Mimi ndiye Sabera, niliyepewa zile kurasa za Carol.

Mtandao alitaka kuinuka amvute kando, lakini msichana alikuwa keshaanza.

— Nina swali moja tu, kisha niende nikafanye kazi. Ule ukurasa wa sufuria. Filimbi nitazifuta, maana sufuria ya umeme haina. Ila kwanza nilitaka kuelewa. Kwetu dengu nyekundu ni filimbi mbili. Kwa mama mbili, kwa shangazi mbili. Ukingoja ya tatu zinavurugika zote. Yeye kwa nini kaandika tatu?

Mtandao akamtazama Mita. Mita, mwenye jibu la mbwa wa Marekani, akachukua biskuti. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Kwetu zilikuwa tatu. Tangu tulipooana zilikuwa tatu, na dengu zilikuja mezani laini kama uji, nami nilidhani ndivyo dengu zilivyo. Nilitafuta sababu: meno yangu, maji ya Khulna, mama yake, sufuria yenyewe iliyokuwa kuukuu. Kila moja ingetosha, na sikuwa na hakika na hata moja.

— Sijui, nikasema.

— Mwandishi mwenyewe hapatikani nimuulize?

— Hapatikani.

Juu yetu, kwenye dirisha la ghorofa ya pili, sufuria ilianza kuunguruma. Ikapiga filimbi. Ikapiga ya pili. Lokman alikuwa ameinua birika na hajamimina. Tukangoja ya tatu. Kisha tukasikia swichi ya jiko ikizimwa, na sauti ya mwanamke ikiita watu waje kula.

Mtandao aliinamia glasi yake.

— Binti, zile nyingine andika. Huo uache kama ulivyo.

— Na kosa lake, kaka? Mtu wa kule si atakaa tu akingoja filimbi?

— Angoje, akasema Mtandao. Sisi hapa si tumengoja?