Maombi Yaliyokataa Kufungwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na ninyi mlioketi karibu na mlango mkidhani ushuhuda hautawafikia. Mimi ni Kavata, mama yake Musyoka, mzaliwa wa upande wa Nuu. Wanaonijua wanajua mimi silii nikishuhudia. Nitasema yalivyokuwa.

Nilikuwa nimeokoka, naam, lakini nilikuwa mtu wa kuogopa serikali. Nikiona kofia ya askari, naacha njia napita vichakani. Nilikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha akina mama cha kulimiana kwa zamu. Walinichagua kwa sababu najua kuomba na sigombani na mtu. Kwetu hakuna jembe linaloinuliwa kabla ya maombi. Hata ukichelewa, unasimama na jembe begani mpaka usikie amina.

Ikaja njaa ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, maana mtu alikufa na pesa mkononi na dukani hamna kitu. Serikali ikaleta mahindi ya manjano. Naibu wa chifu wetu akayafungia katika stoo yake, akatangaza kwamba ni ya wanaofanya kazi ya maendeleo. Maendeleo yenyewe, ndugu zangu, yalikuwa mitaro ya fanya juu, ya kuzuia mvua isibebe udongo, katika shamba lake! Tukachimba. Mwenye njaa hachagui mtaro. Na kuketi tujadiliane hatukuweza, kwa sababu watu wakikusanyika bila kibali, huo ni mkutano haramu.

Jirani yangu Mutheu, mjane, alikuwa amejifungua karibuni. Hakuja kuchimba, akanyimwa mahindi. Nilimkuta maziwa yamemkauka, mtoto ananyonya ngozi tupu. Nikamwambia nitasema na naibu. Nilipotoka mlangoni nikaelekea nyumbani, si kwa naibu.

Kesho yake Mutheu akajikokota mpaka shambani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Naibu alikuwepo na askari wake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, kwa hiyo akavua kofia.

"Mama Musyoka, tuombee tuanze," akasema. "Maombi mafupi."

Nikaanza mafupi. Nikashukuru kwa siku, nikashukuru kwa uzima. Nikafika mahali pa amina, nikajua nikiitamka tu, Mutheu atainua lile jembe. Ndugu zangu, amina ilikataa kutoka! Watu husema nilipanga mgomo. Sikupanga chochote. Nilikuwa naogopa amina kuliko nilivyomwogopa naibu, basi nikaendelea kuomba. Nikaombea mvua. Nikaombea mbuzi. Nikaiombea serikali. Nikawaombea wale mama kwa majina, nikamweleza Mungu nani alilala njaa, na mahindi yako wapi, na ufunguo uko kwa nani. Singethubutu kumwambia naibu maneno hayo. Nilimwambia Mungu, na naibu alikuwa amesimama hapo hapo.

Jua likapanda. Naibu alikuwa na kipara, na mzee wa kanisa hawezi kuvaa kofia mbele ya watu wanaoomba. Askari naye alishika yake kifuani. Akina mama wakaanza kuitikia, "Ndiyo, Bwana."

"Mwaitu," naibu akasema kwa upole, "funga maombi." Mwaitu ni mama yangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Bwana," nikasema, macho nimefumba, "unamsikia naibu, anataka tufunge. Na Mutheu bado hajala."

Kisha nikamsikia akimwambia askari, "Enda ufungue stoo. Mpe huyo mwenye mtoto."

Stoo ilikuwa pale kando ya shamba. Nikasikia kufuli, kisha gunia likiburutwa, kisha mahindi yakimiminwa kwenye karai. Mimi maneno yalikuwa yameniishia, nataja tu jina la Yesu. Ndipo sauti ya Mutheu ikasema, "Amina." Tukaitika sote.

Jioni niliitwa kwa chifu. Nikaulizwa kibali cha mkutano kiko wapi. Nikajibu kwamba nilikuwa naomba, na aliyeniagiza ni naibu. Chifu na askari wake wakatazamana, wakaniambia niende. Nilipita katikati ya kofia zao, njia ile ile, sikutafuta kichaka. Haleluya! Bwana alikuwa amenifungua.

Tangu hapo mahindi yaligawiwa mbele ya kanisa, wenye watoto wachanga kwanza. Shamba la naibu tulilimaliza baadaye kwa zamu, kama la mtu yeyote, naye akaja kuchimba kwetu. Alichimba vibaya, lakini alichimba.

Namshukuru Mungu. Na wewe uliyekuja leo na hofu yako, siwezi kukuahidi kwamba itaondoka kabla hujafungua kinywa. Yangu haikuondoka. Fungua kinywa ukiwa nayo. Mtaje jirani yako kwa jina, anayemnyima akiwa anasikia, na kufunga maombi mwachie Mungu.