Mama Sahani na Maji Yaliyosingiziwa Uchafu

Nguzo za kituo hiki cha utafiti ni mbili. Moja ni mimi, Mjomba, mwendesha boti, ambaye bila mimi watafiti wangekuwa wanapima maji ya bafuni. Ya pili ni Daktari wetu wa tope, tunayemwita Mama Sahani, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi kwa sababu nimekaa naye botini kuliko mtu yeyote, na pia kwa sababu nilijiombea.

Siku aliyoripoti kazini alitumbukia kwenye tope mpaka magotini kabla hajamsalimia mkurugenzi wa wakati ule. Wengine wangelia. Yeye alichota tope kiganjani, akalinusa, akauliza maabara iko wapi. Tangu hapo mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi, ukawa sebule yake. Ndiye aliyetuonyesha kwamba samaki wadogo hujificha kwenye nyasi za chini ya maji, na kwamba nyasi hizo hufa mwanga usipofika. Tumepitia naye mengi. Kuna siku pweza alikamata nanga yetu, nikamkanya kwa sauti ya kiume, akaachia. Shahidi wangu ni Mama Sahani, ingawa akiulizwa huwa anakohoa.

Jina lake limetoka kwenye kifaa chake. Ni sahani ya rangi nyeupe na nyeusi, pana kama sinia dogo, imefungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha majini huku unaiangalia, na ikipotea machoni unasoma kamba. Ikipotea haraka, maji ni machafu. Vifaa vya umeme vililetwa, akavipokea vizuri, akavifungia kabatini. Alisema jicho haliishiwi betri.

Miaka hii ya karibuni sahani ikawa inapotea mapema, kila mwaka mapema zaidi. Mama Sahani akaandika ripoti nzito: wachimba mchanga wa juu ya mto wanatujazia tope, wafungiwe kazi. Maabara walichuja maji yale yale wakasema tope ni kiasi kile kile cha zamani. Akasema mizani yao imechoka, ikabadilishwa. Mizani mpya ikasema vilevile, akasema na hiyo nayo ina wenge. Wakati huohuo alikuwa akimsumbua fundi umeme kwamba taa za ofisi hazina nguvu. Fundi alibadilisha balbu mpaka akaanza kupita njia ya nyuma akimwona. Hakuna aliyejiuliza kitu, na mimi ninayejua mambo yote nilikuwa likizo ya kufikiri.

Kisha ikafika asubuhi ya siku ambayo ripoti ilikuwa isainiwe. Mkurugenzi wetu wa sasa akataka apigwe picha botini akiwa ameshika kamba. Sahani ikashuka, Mama Sahani akasema imepotea, soma. Mkurugenzi akasema mama, mbona mimi bado naiona. Tukadhani anatania. Kamba ikaongezwa, bado anaiona. Karani wa stoo, aliyekuja kupunga upepo tu, naye akaiona. Mimi ndiyo usiseme, niliiona mpaka chini kabisa, na kaa wakipita juu yake.

Mama Sahani akakaa kwenye ubao wa boti. Akafuta macho kwa kitenge, akaangalia tena, akafuta tena. Halafu akaniambia, taratibu kabisa, "Mjomba, geuza boti." Nikageuza.

Ukumbini wachimba mchanga walikuwa wameshajaa, mkate wao uko mezani unangoja wino. Wakubwa wameshika kalamu. Mama Sahani akasimama akasema ripoti anaiondoa, maji hayajachafuka, kilichochafuka ni macho yake, ana mtoto wa jicho na alikuwa anauficha ukweli huo hata kwa nafsi yake. Akasema pia anastaafu, mwaka mmoja kabla ya siku zake. Shemeji yetu, mumewe, aliyekuja kumletea chakula, alisimama mlangoni na hotipoti yake kama mtu aliyekosea nyumba. Mwenyekiti wa wachimba mchanga alikuwa amekuja na matusi aliyoyapanga njia nzima. Aliposimama, akaishia kuuliza nani anampeleka mama nyumbani.

Tulipima upya kwa macho ya watu watatu tofauti. Maji yako kama alivyoyakuta alipokuja akiwa kijana. Siku hizi sahani haisomwi na mtu mmoja, na utaratibu huo ameuacha yeye. Wanafunzi aliowalea wako mabara mbalimbali, lakini mimi nikiulizwa kazi yake kubwa ni ipi, nitataja siku ile ukumbini. Mtu kulikana jina lake mwenyewe mbele za watu, ili wengine wasikose kula, sijawahi kuona, na mimi nimeona pweza mtiifu.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha maji. Jicho lifunguke, nyumba iwe na amani, na shemeji akuzoee mchana kutwa bila kuchoka. Boti iko pale, ukitaka kuja kuchungulia tu, njoo.

Jumatatu anakwenda kliniki ya macho, na ameshika foleni ya watu wawili. Wa pili ni mimi. Siku ile botini, kitu nilichokuwa nakiona mpaka chini kilikuwa ni mfuniko wa ndoo yetu, unaelea upande wa pili wa boti. Yeye asiyeona ndiye aliyenigundua.