Masini Zilizonuka Mawese

Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana, na nimesimama mbele yenu kwa sababu hakuniacha. Mnanijua: ninauza radio na masini za kushona hapa Kindu. Leo nashuhudia jinsi alivyoliokoa duka langu la Alunguli.

Wateja wa Pangi na Kampene walichoka kuvuka mto kwa mtumbwi, masini magotini. Kwa hiyo nikapanga nyumba ng'ambo, Alunguli, nikafungua duka la pili na kulijaza masini zilizofika kwa gari-moshi. Mwanzoni ziliuzika vizuri. Kisha zikaanza kurudi. Gurudumu limekaza, sindano imekwama katikati ya nguo. Nikambadilishia mtu masini yake, na ile mpya nayo ikarudi. Sokoni wakasema nimeweka dawa ndani. Ndugu zangu, kazi hii nilijifunza peke yangu katika vitabu vya mafundi, na hakuna kitabu kilichotaja ugonjwa ule. Mwenye nyumba akaanza kuwaonyesha wapangaji wengine mlango wangu. Sikula siku hiyo. Niliomba: Bwana, nionyeshe, au niondoe hapa.

Kabla jua halijatua akaingia Mama Zaina, mshonaji Mwislamu wa jirani. Aliweka masini yake juu ya meza, akaketi mlangoni.

"Papa, sitaki ingine. Fungua hii mbele ya macho yangu. Kama iko nyoka ndani, nione nyoka."

Nikafungua. Kila kiungo kilikuwa na gundi nyekundu. Nikainama nikanusa.

"Mama, masini hii inanuka sufuria ya sombe."

"Ndiyo, njo mawese, sasa! Kachupa kako ka mafuta, kale kaliyokuja na masini, kalikwisha. Ulitaka nitie mate?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Ndugu zangu, katika nyumba zetu mafuta ni mawese, na yanafaa kila kitu isipokuwa chuma: yakikauka yanashika. Usiku ule nililala usingizi mzuri. Kesho yake tuliziosha masini zote kwa mafuta ya taa, na zikazunguka.

Nikaona kwamba kuuza peke yake hakutoshi. Nikatangaza mafunzo ya bure, Jumatano, katika ua wa duka. Watu wakaja wengi, wakapiga makofi kila niliponyamaza, wakaimba, wakaenda zao. Hakuna aliyegusa masini.

Mama Zaina akatikisa kichwa. "Papa, lipisha. Kukusanya watu bure wapige makofi njo kazi ya Chama. Wamekuja kuonekana tu."

Nikaweka bei ndogo. Asiye na pesa za zaire alete mchele. Jumatano iliyofuata walikuja wachache, mikono tayari, wakiuliza maswali mpaka nikachoka mimi. Sasa ua haututoshi, na mwenye nyumba amenipa chumba cha pili kwa hiari yake. Somo la mafuta analifundisha Mama Zaina. Anampitishia kila mwanafunzi chupa mbili chini ya pua, moja ya mawese na moja ya mafuta ya masini, na asiyezitofautisha haruhusiwi kushika bisibisi.

Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mdomo wa jirani. Nawe ndugu, dada, ambaye jambo lako limekwama na umelifunika kwa aibu, mwamini. Usimwombe akubadilishie. Mletee lile lile, ulifungue mbele ya macho yake.