Mama Mwislamu na Misa ya Lubaga

Jumapili moja ya mwaka 1974, Acayo, muuza samaki wa Ggaba, alipanda teksi ya abiria ya kwenda Lubaga, kwenye kanisa kuu la Katoliki, akielekea kwa wateja wake. Pembeni yake aliketi mama mwenye ushungi, na watoto watatu waliovaa rozari.

"Mnaenda wapi, mama?" Acayo aliuliza.

"Misa. Baba yao ni polisi, leo yuko zamuni. Mimi Mwislamu, lakini hawa ni wa kanisa kama baba yao, nawapeleka kila wiki."

"Sisi Wakristo siku hizi tunasali nyumbani," Acayo alijitetea. "Mungu anasikia huko pia."

"Anasikia, dada. Lakini mnasali kweli, ama mnalala?"

Teksi nzima iliangua kicheko. Acayo mwenyewe alicheka hadi machozi, maana nyumbani aliwaacha jamaa zake wote wakikoroma.

Teksi iliposimama kanisani, Acayo alimshika mtoto mdogo mkono, akashuka naye kwenda Misa.

"Bado sijakubali kwamba kusali nyumbani hakutoshi," alimwambia yule mama.