Kisado Kipya cha Mwalimu Dominiko

Mheshimiwa Diwani wetu. Ndugu Afisa Elimu Kata. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Walimu na wazazi wenzangu. Wageni wetu mliotoka Ruangwa kuja kumchukua ndugu yenu anayestaafu leo. Na nyinyi wanangu wa darasa la kwanza, mnaotazama masufuria badala ya kunitazama mimi: Assalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo!

Naitwa Fatu, Mama Imrani, mpishi wa shule hii mwaka wa kumi na mbili sasa. Ratiba inasema nitoe shukrani kwa dakika tano. Lakini Mheshimiwa, nimeshika kipaza sauti na moyo unanidunda kwa furaha, kwa hiyo hizo dakika tano mtanisamehe.

Wengi wamemsifu Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Dominiko, kwa madarasa na vyoo. Ni kweli, amejenga. Mimi nataka kumsifu kwa jambo ambalo halimo kwenye risala: mtu huyu anajua kuomba radhi. Na hakuzaliwa akijua. Amejifunza mbele ya macho yangu, tena kwa shida!

Mnakumbuka mwaka juzi, maharage ya makande yalipoisha wiki tatu kabla ya kufunga shule? Mnakumbuka kile kikao cha wazazi? Mwalimu alisimama kwenye ngazi ile pale, akasema, "Maharage hayana miguu. Mama Imrani, lete ufunguo wa stoo." Nikautoa mbele ya kijiji kizima. Wiki ile ile, kwenye msiba wa jirani, niliposhika mwiko wenzangu walininyang'anya, kwa adabu zote, wakaniambia nikapumzike.

Mwalimu Hafidha wa hisabati ndiye aliyechukua kisado chetu cha zamani cha kupimia maharage, na kile kipya ambacho Mwalimu Mkuu mwenyewe alikinunua mnadani, akavijaza maji. Kile kipya kilimeza kisado kizima cha zamani, na vikombe vitatu juu yake! Mimi nilikuwa napima idadi ile ile ya visado niliyoagizwa. Maharage waliyala watoto wenu, ndiyo maana mwaka ule walinenepa.

Basi samahani zikaanza. Ya kwanza aliitoa asubuhi mstarini, mbele ya wanafunzi: "Kama kuna mtu alikwazika, tusameheane." Kama! Kuna mtu! Mtu gani? Mimi nilikuwa shambani nafyekea mikorosho. Huyo mtu hata salamu hazikumfikia. Ya pili akamtuma Mwalimu Hafidha na doti ya khanga na kuku. Kuku nilimla, sikatai. Khanga niliirudisha, kwa sababu hata mwizi huvaa khanga.

Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kinu kilicholala uani kwangu, akauliza, "Mama Imrani, nifanye nini?" Nikamwambia, "Mwalimu, pale uliponivua nguo, nivishe pale pale." Akaita kikao. Akapanda ngazi ile ile, akanitaja jina, akarudia yote aliyoyasema, kisha akasema, "Haikuwa kweli. Kisado nilinunua mimi, kosa ni langu." Hakuongeza "lakini". Akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na yule alichutama mchana kweupe! Vigelegele mlipiga wenyewe.

Sasa nawageukia nyinyi, wageni wetu wa Ruangwa. Katika wiki zile za hasira, na mimi nilisema. Tulikuwa tunakung'uta ufuta na wenzangu, nikawaambia maharage ameyauza Mwalimu mwenyewe. Sikuona, sikusikia, nilitunga. Neno lile likafika kwenu kabla yake. Alipokuja kwenu kumzika mama yake, mlimwita Mwalimu Maharage, na Mzee Saturnini, kaka yake wa tumbo moja, alikataa kumpa mkono. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nilimwomba radhi jikoni, tukiwa wawili, akanisamehe. Lakini jikoni nyinyi hamkuwapo. Leo mpo, na kesho anakuja kuishi kwenu, ndugu zangu. Nitamwachaje apande gari na uongo wangu mgongoni?

Kwa hiyo mimi, Fatu, nasema mbele yenu nyote: nilisema Mwalimu Dominiko aliuza maharage ya watoto. Nilisema uongo. Hakuchukua hata punje moja. Naomba radhi kwake, kwa mkewe, na kwenu. Nawaomba mlibebe neno hili mpaka Ruangwa, mlifikishe kila nyumba ambayo lile la kwanza lilifika.

Jamani, Mzee Saturnini ameinuka. Mpisheni apite! Watoto, toeni miguu! Anakwenda kwa mdogo wake... Amempa mkono. Amempa mkono, jamani!

Siwezi kuendelea, machozi yananishinda. Niseme tu kwamba makande ya leo nimeyapima kwa kile kisado kipya, hakuna atakayeondoka na njaa. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Karibuni chakula.