Euphrasia Nerima, Mashine Saba na Barua Moja ya Onyo

Na Austin Okurut, Ofisi ya Malaba

Jumanne tarehe 4 Machi mwaka huu, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, kampuni yetu ilipoteza picha 1,148 za hati za mizigo katika ofisi ya Malaba. Mashine ya kwanza ilipoteza 502, ya pili 431, ya tatu 215. Tunaanza na hesabu hiyo kwa sababu imeandikwa katika faili la mtu asiyehusika nayo, na mtu huyo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia Marachi Forwarders kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa.

Kwenye karatasi anaitwa Bi. Euphrasia Nerima, Msimamizi wa Hati na Mashine. Kuanzia Busia mpaka Malaba hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Euphrasia, basi.

Alitoka Sio Port na kuanza kazi hapa tarehe 1 Februari 1994 akiwa mpiga chapa. Fomu ya mzigo yenye nakala tano za kaboni aliimaliza kwa dakika kumi na moja bila kosa, na wazee wa maegesho bado wanabishana kama ni kumi na moja au tisa. Kompyuta ya kwanza ilipofika mwaka 1999, ilifungiwa ndani ya chumba, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe, na aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa mpwa wa mkubwa peke yake. Baada ya miezi mitatu mpwa akavuka kwenda Kampala na hakurudi. Mama Euphrasia akakaa na kitabu cha maelekezo Jumamosi saba mfululizo. Ya nane, barua ikatoka kwenye printa. Hakuna aliyempeleka kozi, na hakungoja kupelekwa.

Skana zilikuja 2011, na hapo ndipo kazi yake kubwa inapoanzia. Ukurasa mmoja wa rangi ulikuwa na uzito wa megabaiti 26. Kwa mtandao wa Malaba wa siku zile, kilobiti 64 kwa sekunde, ukurasa huo ulihitaji dakika hamsini na nne kufika pwani. Dereva mmoja wa trela, Osukuku, alisimama dirishani kutwa nzima, halafu akauliza, "Mama, hiyo karatasi inaenda Mombasa kwa miguu?"

"Angalau hiyo inatembea, boss," akajibiwa. "Wewe ndiye umesimama."

Lakini swali lilimkaa. Akatafuta mpaka akapata maktaba ya kubana picha. Kwa wenzetu wa maegesho ambao hawajawahi kukutana nayo: ni fungu la programu lisilo na dirisha wala kitufe. Programu nyingine huliita, hulikabidhi picha nzito, nalo huirudisha ikiwa nyepesi. Kinachobaki kwako ni kuamua libane kiasi gani, liache nini, na litumie nguvu gani ya mashine iliyopo.

Mwanzoni alibana mno. Kurasa zilishuka hadi kilobaiti 180 na ofisi nzima ikapiga makofi. Siku ya tisa lori la majani chai likazuiwa, kwa sababu kwenye picha namba ya lakiri yenye 8 ilisomeka 3. Mama Euphrasia hakutafuta wa kumtwika. Alimwandikia mkubwa mistari mitatu: kosa ni langu, nimebana kupita kiasi, leo narekebisha. Akagundua kwamba maktaba ile, ukiiacha ijiamulie, hupunguza habari za rangi, na wino wa zambarau wa muhuri humwagikia namba zilizo chini yake. Akaiamuru iache rangi zote kamili na akapandisha kiwango cha ubora. Ukurasa ukawa kilobaiti 600 na kufika kwa sekunde sabini na tano. Toka dakika hamsini na nne! Hakuna dereva aliyelalamika tena, isipokuwa wale waliokuwa wamezoea kulala.

Kisha mashine zikaongezeka, na hakuna zilizofanana. Leo tunazo saba. Busia kuna nne mpya. Malaba kuna mbili za mwaka 2009, moja ambayo yeye huiita Mkwe, kwa sababu haisogelewi ovyo wala haipigiwi kelele. Ya saba iko kibandani kwenye maegesho ya malori, hapahapa Malaba, ndogo kama kipande cha sabuni, inatumia umeme wa jua, na prosesa yake ni ya ukoo wa zile za simu.

Huwezi kuzilisha saba hizo kutoka sufuria moja. Prosesa mpya zinajua amri ambazo za zamani hazizijui. Ukiijenga maktaba juu ya mashine mpya na kuiambia itumie kila ujuzi wa mashine hiyo, itakwenda mbio ajabu. Ukiinakili na kuitia ndani ya Mkwe, itakutana na amri isiyoeleweka na kufa papo hapo. Kwenye ile ndogo ya kibandani haitaamka kabisa.

Kwa hiyo Mama Euphrasia aliitengenezea kila mashine kadi ya kliniki, kama ile ya mtoto, na kuibandika ndani ya kifuniko chake: imezaliwa lini, ina prosesa gani, inajua amri zipi, kumbukumbu kiasi gani, imewahi kuugua nini. Maktaba aliijenga juu ya mashine ileile itakayoitumia, hata kama kwa Mkwe hiyo ni asubuhi nzima. Baadaye aliipa ukurasa wa majaribio, daima uleule, wenye muhuri, saini tatu na namba iliyojaa 8, 3, 6 na 0. Na kwenye programu ya skana aliweka sharti moja: picha nzito isifutwe mpaka ile nyepesi ifunguliwe tena na ionekane nzima. Sharti hilo liliongeza sekunde mbili kwa kila ukurasa.

Sekunde hizo mbili ndizo zilizotuponza, kwa sababu kuna waliozihesabu kuwa ni uvivu.

Februari mwaka huu makao makuu yalitayarisha kifurushi kimoja kwa mashine zote, kilichojengwa juu ya mashine mpya na kujaribiwa juu ya mashine mpya, na lile sharti likaondolewa ili kazi iende kasi. Mama Euphrasia aliandika tarehe 19 Februari, akaandika tena tarehe 26, akiomba saa tatu tu za kukijaribu Malaba. Akampigia Meneja Mkuu, Bwana Mulama, simu yake ikiwa wazi juu ya meza na sisi wanne tunasikia.

"Mama, mashine ni mashine," akaambiwa.

"Boss, gambuti yako na kiatu cha mjukuu wangu zote ni viatu. Haya, vaa hicho cha mjukuu."

Tulicheka. Bwana Mulama pia alicheka. Jibu halikubadilika.

Kifurushi kiliwekwa kutoka mbali jioni ya Jumatatu tarehe 3 Machi. Siku hiyo Mama Euphrasia alikuwa Sio Port kwenye mazishi ya dada yake, kwa ruhusa ya siku tatu iliyotiwa saini na ofisi ya Bwana Mulama mwenyewe. Nakala tunayo.

Busia kila kitu kilikwenda vizuri, tena kwa kasi. Malaba, kila ukurasa ulipokabidhiwa maktaba, maktaba ilikufa, au kibandani haikuamka kabisa, na kuacha faili lenye jina na ndani hamna kitu. Programu, kwa kuwa haikuambiwa tena iangalie, ikafuta picha nzito na kuita ukurasa unaofuata. Majina yalijipanga kwenye kioo kutwa nzima, vizuri kabisa. Saa kumi na moja jioni dereva anayeitwa Emojong akaomba nakala ya hati yake. Brendah, karani wetu wa skana, akafungua faili. Akafungua la pili. La tatu.

"Dada," Emojong akasema, "hapa ni weupe tu."

Tulipompigia simu Mama Euphrasia hakuuliza nani amefanya nini. Aliuliza kama mashine zimezimwa. "Zimeni zote tatu. Hata kipanya msiguse." Asubuhi iliyofuata, saa moja na dakika arobaini, aliteremka kwenye bodaboda hapo mlangoni akiwa bado na kitenge cha matangani na vumbi la njia nzima mgongoni.

Nje malori yalikuwa yameshajipanga. Bwana Mulama alikuwa kwenye simu akitaka skana ziwashwe saa hiyohiyo.

"Boss, kila ukurasa mpya utakaoandikwa unaukanyaga wa jana," akamwambia. "Nipe saa nne."

"Mama, foleni imefika kwa daraja!"

"Foleni itasonga tu. Hizi hazitarudi. Nipe saa nne."

Alipewa mbili. Alitumia nne. Hakuinua sauti wala hakuomba msamaha kwa zile mbili za ziada. Alichomoa diski moja baada ya nyingine, akapekua mabaki, na kufikia saa sita mchana picha 611 zilikuwa zimerudi. Baada ya hapo akaijenga maktaba upya kwenye mashine zote tatu, kadi mkononi, akarudisha lile sharti, na ndipo akakubali kikombe cha chai. Picha 537 zilizosalia tulizitafuta kwa simu, wakala kwa wakala, dereva kwa dereva, siku nane. Tukapata karatasi za 498 na kuzipiga skana upya. Kurasa 39 hazijaonekana hadi leo. Hiyo ndiyo hasara halisi, na isingekuwa yeye ingebaki 1,148.

Tarehe 14 Machi alipokea barua ya onyo kwa "uzembe katika usimamizi wa mashine." Sababu iliyotolewa: jina lake ndilo lililo kwenye fomu ya vifaa. Alijibu tarehe 17 kwa kurasa tatu, akiambatisha barua zake mbili za Februari na karatasi ya ruhusa. Toka siku hiyo mpaka leo Jumatatu, tarehe 27 Oktoba, ni siku 224. Hajajibiwa hata kwa neno moja.

Lakini tarehe 2 Aprili makao makuu yalitoa waraka: kila maktaba ijengwe juu ya mashine yake, kila mashine iwe na kadi, na picha nzito isifutwe mpaka nyepesi ikaguliwe. Ni utaratibu wake, mstari kwa mstari, hata ukurasa wa majaribio ni uleule. Tangu waraka huo hadi Ijumaa iliyopita tumepiga skana kurasa 297,614. Zilizopotea: sifuri. Kampuni imechukua kazi ya mikono yake na kuipa sahihi, kisha ikamwachia yeye lawama. Anayeweza kutueleza hesabu hiyo inajumlishwaje atueleze.

Kuna jambo la karibu zaidi. Hospitali moja ya misheni upande wa Kocholia imemwita awe anakwenda siku mbili kwa wiki kuwasanidia maktaba hiihii kwenye mashine zinazohifadhi picha za eksirei na kadi za wagonjwa. Alikwenda kuangalia mwezi uliopita. Mashine tano, hakuna mbili zinazofanana. Alirudi akitabasamu kama mtu aliyeona wajukuu. Tayari ameshawaambia kwamba picha ya eksirei hubanwa kwa namna isiyopoteza hata nukta moja, na kwamba hilo hatalijadili na mtu. Wanachosubiri ni cheti chake cha utumishi. Na cheti kilichochapwa, ambacho atakabidhiwa kwenye sherehe ya Ijumaa saa sita mchana, kina mstari usemao alipewa onyo kwa uzembe. Nani atamkabidhi mtu wa namna hiyo mifupa ya wagonjwa?

Yeye hakutuomba tuandike haya. Alisema tu, "Wacheni, nitaenda na ukweli wangu." Sisi hatuwachi.

Kazi anatuachia ikiwa katika mikono salama. Brendah aliijenga maktaba ya Mkwe peke yake mwezi Agosti, Mama akiwa amekaa pembeni anamenya njugu na kukataa kabisa kutazama kioo. Ilipita majaribio mara ya kwanza. "Sasa naweza kwenda," akasema, na kumwachia Brendah njugu zilizobaki. Anayeandika haya naye alikuja hapa 2003 akifunga maturubai ya malori. Aliyemwonyesha kompyuta huwashwa wapi ni huyuhuyu.

Mama Euphrasia, asante kwa Jumamosi saba za mwanzo na kwa asubuhi ile ya kitenge. Asante kwa kutufundisha kukagua kabla ya kufuta. Uwe na afya, shamba lako la Sio Port likuzalie, watoto wa watoto wakuchoshe kwa furaha, na huko uendako wakupe kiti kizuri kuliko kile cha Malaba.

Na sasa, Bwana Mulama. Hatuombi kikao, kamati wala hotuba ya Ijumaa. Wafanyakazi kumi na wanane wa Malaba tumetia saini karatasi yenye swali moja, nayo iko mezani kwako tangu asubuhi: je, barua ya tarehe 14 Machi itaondolewa kwenye faili la Euphrasia Nerima, na cheti chake kitachapwa upya bila mstari ule? Jibu ni ndiyo au hapana, kwa maandishi, na tunalitaka kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi tarehe 30 Oktoba.