Muuguzi wa Wodi ya Watoto na Sindano Isiyo na Komeo

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mama Pole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa kifungua mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na sekondari mwaka 1989, akahitimu chuo cha uuguzi mwaka 1993, akapangiwa wodi ya watoto, na hakuhama tena. Jina la Mama Pole alilipata huko, kwa kuwa hakumchoma mtoto sindano kabla ya kumwomba radhi, ingawa watoto walilia vilevile.

Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na fundi mchomeleaji wa mageti, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1998 na 2002.

Tarehe 21 Juni 2006 alikuwa akimwekea dripu mtoto aliyeletwa na degedege, kanula, ule mrija mwembamba wa kwenye mshipa, ikaingia vizuri, akachomoa sindano yake iliyouongoza, mtoto akarusha mguu, na sindano ile, ambayo zama hizo ilitoka wazi kama msumari, ikamzama dada yetu kiganjani ikiwa na damu ya mtoto, naye akamalizia kwanza kubandika plasta za mtoto, ndipo akaenda bombani. Mtoto alipona. Yeye, baada ya miezi michache, alikutwa na homa ya ini aina ya C.

Mumewe alitaka kujua mtoto yule ni wa nani, akauliza kwa upole, akauliza kwa hasira, na akajibiwa mara moja tu: "Mtoto hana kosa, baba watoto. Sindano ndiyo iliyokosa pa kujifungia."

Mwaka 2013 wodi ilipata kanula za aina mpya, ambazo sindano ikichomolewa huingia kwenye ala na kukamatwa na kikomeo isitoke tena, na marehemu ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi wasiiachie mpaka wasikie imefunga. Jioni moja alileta nyumbani moja iliyopitwa na muda, akampa mumewe, ambaye makomeo ndiyo ugali wake, naye akaifunga, akaigeuza kwenye taa, kikomeo chenyewe kidogo kuliko punje ya mchele, akauliza kama ni hiki tu kilichokosekana siku ile, akaambiwa ni hicho tu, akatoka uani, chakula kikapoa.

Dawa nzuri zilipopatikana ziliondoa virusi, lakini ini lilikuwa limeshachakaa, saratani ikafuata, na tarehe 3 Agosti 2024, saa nne asubuhi, alitutoka akiwa na miaka 53, akiacha mume, mabinti wawili na mjukuu.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli bila kutuzungusha, majirani mliotupikia tuliposahau kula, na wauguzi wenzake mliomgeuza kitandani kama mnamgeuza mama yenu. Na mumewe, aliyemtafuta mtoto yule moyoni kwa miaka kumi na minane, ameomba lisomwe hili: mama wa mtoto yule, kama uko hapa, usijifiche nyuma ya watu wala usijilaumu, mlete mwanao mbele, atie udongo pamoja na wanetu.

Dada yetu, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani.